Lijamu ya farasi: kuitambua, kuipima na kuitia

Maji yakishakupwa Nungwi au Paje, farasi wa kupandisha wageni hushushwa mchangani. Watazame midomoni: huyu ana pete mbili zinazozunguka, yule ana chuma chenye mikono inayoning'inia na mnyororo chini ya kidevu. Kwa mbali vyote ni lijamu. Kwa farasi mwenyewe, tofauti yake ni kama kuguswa bega na kukabwa koo.

Wengi huichukulia lijamu kuwa breki, na farasi akikimbia sana dawa yao ni kutafuta iliyo kali zaidi. Mnyama wa kilo 400 na kitu hazuiliwi na chuma kinene kama kidole. Anasimama kwa sababu amefunzwa kusimama, na lijamu inamfikishia agizo tu. Agizo likimuumiza atayakimbia maumivu, na kwa kuwa maumivu yako mdomoni mwake, anakwenda nayo kila anakokwenda. Ndiyo maana farasi wengi "wakorofi" ni farasi wenye vidonda.

Maneno kwanza, yasije yakatuchanganya. Hatamu ni kanda zote za kichwani. Vigwe ni kanda mbili zinazoshikwa mkononi. Lijamu ni chuma cha mdomoni peke yake. Tunasema fulani kashika hatamu kwa maana ya kutawala, ingawa kinachoshikwa hasa ni vigwe.

Fungua mdomo kabla ya kufungua pochi

Farasi mzima ana meno sita ya mbele juu na sita chini, halafu pengo, halafu magego. Lijamu hukaa kwenye pengo hilo, juu ya ulimi na ufizi wa taya la chini. Pitisha kidole kwenye ufizi huo: ngozi nyembamba, na chini yake mfupa wenye ukingo. Gusa ugoko wako mwenyewe utapata picha kamili. Ukigongwa ugokoni unajua inavyouma, na hapo ndipo chuma kinapolala.

Kagua mambo matatu. La kwanza ni chonge, ambazo farasi dume huota akiwa na miaka 4 hadi 5. Lijamu iliyolegea sana huzigonga. La pili ni kijino kidogo kinachojitokeza mbele ya gego la kwanza la juu. Si kila farasi anacho, ila anayekuwa nacho hukigonga na chuma kila vigwe vikivutwa, na mara nyingi daktari wa mifugo hukitoa kabla mnyama hajaanza kufunzwa. La tatu ni makali ya magego. Farasi hutafuna kwa kuzungusha taya, kwa hiyo magego ya juu hubaki na kingo kali upande wa shavu na ya chini upande wa ulimi. Usitie mkono kati ya magego, utavikosa vidole. Bonyeza shavu kwa nje, usawa wa magego ya juu; akirusha kichwa, shavu linakatwa kwa ndani. Meno hayo yanataka tupa ya daktari, angalau mara moja kwa mwaka. Hakuna lijamu itakayomfaa farasi wa namna hiyo mpaka meno yasawazishwe.

Kupima

Chukua kamba laini ya pamba na uifunge fundo ncha moja. Ipitishe mdomoni pale lijamu itakapokaa, fundo liguse mdomo upande wa kulia bila kuukandamiza. Upande wa kushoto, weka alama kwa kalamu pale kamba inapotokea mdomoni. Itoe, inyooshe kwenye rula. Tuseme umepata sentimita 12.2.

Kama lijamu utakayotumia ina pete zisizozunguka, ongeza kama nusu sentimita. Kama pete zinazunguka, ongeza hadi sentimita moja, ili ngozi ya mdomo isiingie kwenye tundu pete inamopita. Mfano wetu unataka lijamu ya sentimita 12.7, ambayo kwenye maduka yanayopima kwa inchi ni namba 5. Namba 4 na nusu ni sentimita 11.4, na 5 na nusu ni karibu 14. Lijamu yenyewe hupimwa ikiwa imelazwa na kunyooshwa, kutoka uso wa ndani wa pete hii hadi uso wa ndani wa ile.

Ikiwa nyembamba kwa upana, hubana mashavu kwenye magego. Ikiwa pana, hali ni mbaya pia, tena wengi hawaioni: huteleza kushoto na kulia, na kama ina kiungo katikati, kiungo hakikai katikati ya ulimi tena.

Unene nao una uongo wake. Tumezoea kuambiwa chuma kinene ni cha upole kwa kuwa uzito unatawanyika. Ni kweli, ikiwa nafasi ipo. Farasi wengi ulimi wao umejaa mdomo mzima, na chuma cha milimita 20 kinawafanya washindwe kufunga meno na kumeza mate. Mfungue midomo kidogo huku meno yakiwa yamefungwa. Ukiuona ulimi umefura na kujitokeza pembeni, anza na milimita 14 hadi 16. Punda na farasi wadogo huhitaji chembamba zaidi.

Lijamu za pete

Wauzaji huziita snafeli. Kigwe kimefungwa moja kwa moja kwenye pete ya lijamu, kwa hiyo ukivuta kilo moja, mdomo unapata kilo moja, wala haiongezeki. Farasi anayeanza kufunzwa, na mpandaji anayeanza kujifunza, waanzie hapa.

Pete zenyewe zina namna nyingi. Pete ya duara inayopita kwenye tundu na kuzunguka ni hai mkononi, farasi hawezi kuilalia kwa urahisi, lakini tundu likichakaa hubana ngozi pembe za mdomo. Dawa yake ni vipande viwili vya mpira, kama visahani, vinavyovalishwa kati ya pete na mdomo. Pete iliyoungwa na chuma kwa umbo la yai haizunguki. Imetulia na haibani. Pete yenye umbo la herufi D hugusa shavu kidogo na kusaidia kukata kona. Yenye vijiti viwili virefu, juu na chini ya pete, husaidia zaidi kwa farasi mchanga asiyeelewa kushoto na kulia, na haivutiki ikaingia mdomoni. Ubaya wake ni kwamba kijiti hunasa: kwenye wavu, kwenye mlango wa banda, kwenye nguo ya mtu. Usimfunge farasi aliyevaa hiyo ukamwacha.

Sasa sehemu inayolala mdomoni, na hapa ndipo pa kutulia.

Chuma chenye kiungo kimoja katikati kinajulikana kuliko vyote. Vigwe vyote viwili vikivutwa, hujikunja kama mkasi wa kupasulia karanga: pande mbili zinabana ulimi na ufizi, na kwa farasi mwenye kaakaa lililoshuka, kiungo hupanda kikaligusa. Farasi anayefungua mdomo kila unapomsimamisha, lakini ametulia ukivuta kigwe kimoja kimoja, huenda analalamikia kiungo hicho.

Chenye viungo viwili, na kipande kidogo katikati, hulala juu ya ulimi vizuri zaidi. Tahadhari ni kwenye hicho kipande. Kikiwa na umbo la kunde, la mviringo, ni cha upole. Kikiwa bapa, kuna cha aina mbili zinazofanana sana dukani: kimoja hulala ubapa juu ya ulimi, kingine kimetengenezwa kwa mshazari ili ukingo wake uchome ulimi. Kutofautisha, laza lijamu juu ya mkono wako, sehemu ya ndani kati ya kiwiko na kiganja, kisha mwenzako avute pete mbili kuelekea chini polepole. Ukihisi ubapa, sawa. Ukihisi ukingo, ngozi yako imeshakupa jibu.

Chuma kizima kisicho na kiungo, kilichopinda kidogo kama mwezi mwandamo, hakibani kitu. Ulimi hubeba uzito wote, na chuma hicho hakifai sana kwa kuelekeza upande mmoja mmoja, ila kwa farasi wa wageni ndicho tunachokipendelea. Mgeni hajui kutuliza mkono. Farasi akianza kutembea kwa kasi, yeye hujishikilia kwa vigwe. Mfunge farasi huyo ukanda shingoni, mwonyeshe mgeni kabla hajapanda, umwambie: ukiogopa, shika hapa. Ukanda huo wa bei rahisi umeokoa midomo mingi kuliko lijamu yoyote ya ghali.

Chuma kilichosokotwa kama kamba, cha waya, au cha mnyororo wa baiskeli, kiache. Kinakata. Vivyo hivyo lijamu ya kutengenezesha kwa fundi wa kuchomea kutokana na nondo: nondo ina mistari, inashika kutu, na mahali pa kuchomea hubaki chunusi kali zisizoonekana kwa macho.

Lijamu za nyenzo

Hizi huzidisha nguvu ya mvuto kama mtaimbo. Kila upande zina mikono miwili. Juu ya chuma cha mdomoni kuna mkono mfupi unaoshikwa na ukanda wa shavu. Chini kuna mkono mrefu wenye pete ya kigwe. Na nyuma ya kidevu hupita mnyororo. Kigwe kikivutwa, mkono wa chini unarudi nyuma, wa juu unakwenda mbele, mnyororo unakaza. Taya linabanwa kati ya chuma na mnyororo, na ukanda unasukuma utosi nyuma ya masikio.

Fanya hesabu. Mkono wa juu sentimita 5, wa chini sentimita 10. Gawa: 10 kwa 5 ni 2. Ukivuta kilo moja, mnyororo unabana kidevu kwa kilo 2, na ufizi unapata jumla ya kilo 3. Mtu aliyeshtuka huvuta kilo 10 bila kujua, zidisha mwenyewe. Kwa hiyo dukani usitazame urefu peke yake. Tazama uwiano wa mkono wa chini kwa wa juu. Mkono mrefu una jambo moja zuri: hujongea polepole, farasi anapata muda wa kuitikia kabla ya kubanwa. Mfupi hukaba ghafla.

Mnyororo una kanuni zake. Uzungushe mpaka pete zake zote zilale bapa, usiwe na msokoto hata mmoja. Ukaze kiasi kwamba mkono wa chini ukirudi nyuma nyuzi 45 hivi ndipo mnyororo unaanza kubana. Ukilegea, mikono inalala kabisa na chuma kinageuka mdomoni. Ukikaza sana, farasi habanduki kwenye maumivu hata ukiwa hujavuta. Uvalishe mfuko wa mpira au ngozi.

Katika kundi hili, Pelham ina pete mbili kila upande: kigwe cha juu hufanya kazi kama lijamu ya kawaida, cha chini kama nyenzo. Inataka vigwe vinne na mikono inayovijua. Wanaounganisha pete mbili kwa ukanda mmoja ili washike vigwe viwili wanapata mchanganyiko usio huku wala kule. Zile za mashindano zenye lijamu mbili kwa pamoja mdomoni ni za farasi na mpandaji waliofunzwa miaka; ufukweni hazina kazi. Lijamu za Wamarekani wa kuchunga ng'ombe, zenye mikono mirefu, zimekusudiwa kuendeshwa kwa mkono mmoja na kigwe kilicholegea, na farasi hugeuka kwa kuguswa shingo. Ukimvisha farasi asiyejua hilo ukavuta kama breki, utamvunja moyo.

Kuna nyingine ambayo ukanda wa shavu hupita ndani ya pete, na ukivuta, chuma chote hupanda juu mdomoni. Haina mnyororo, kwa hiyo huonekana ya upole, lakini ni kali, tena inampa farasi maagizo mawili yanayopingana: utosini anaambiwa shusha kichwa, mdomoni anaambiwa inua.

Gari na punda

Unguja na Pemba punda ni wengi kuliko farasi, na wengi wao huvuta gari bila chuma chochote, kwa hatamu ya kamba tu. Kwa punda mtulivu hiyo inatosha, na hakuna sababu ya kumwongezea chuma ili aonekane wa kisasa. Kinachodhuru ni njia ya katikati: kamba ya nailoni au ya usumba iliyopitishwa mdomoni na kufungwa chini ya taya. Usumba hukwaruza, nailoni hukata kama kisu ikilowa mate, na fundo hujikaza lenyewe. Anayeendesha kwa kanuni ya punda afe mzigo ufike atakuta siku moja punda hafi ila hali, kwa kuwa ulimi umekatika nusu.

Kama gari linapita barabara yenye daladala na unataka uhakika wa kona, tumia chuma kizima kilichopinda kidogo, kilichopimwa kwa kamba kama tulivyoeleza. Usikisie kwa macho; mdomo wa punda una midomo minene, na kwa nje huonekana mpana kuliko ulivyo.

Lijamu ya gari inayojulikana zaidi duniani ni ile ya Liverpool. Ina pete, na mkono unaoshuka wenye nafasi mbili au zaidi za kufunga kigwe. Ukifunga kigwe kwenye pete pekee, hakuna nyenzo. Kila ukishuka nafasi moja, nguvu inaongezeka. Anza kwenye pete na ubaki hapo kama unaelewana na mnyama. Kumbuka vigwe vya gari ni virefu na vizito; hata usipovuta, uzito wake uko mdomoni tayari.

Bila chuma

Ukanda wa pua wenye pete mbili za kando, vigwe vikafungwa hapo, unatosha kwa farasi mtulivu na kwa anayeuguza kidonda. Lazima ulale juu ya mfupa wa pua. Shuka na kidole kutoka machoni mpaka usikie mfupa unaisha na sehemu laini inaanza: chini ya hapo ukikaza unamziba pumzi. Zile zenye mikono ya chuma na mnyororo wa kidevu zinaitwa hakamo. Hazina chuma mdomoni, ila nyenzo iko pale pale.

Kumtia

1. Simama kushoto, sawa na shingo. Tangulia kupitisha vigwe shingoni, ili akitaka kuondoka uwe na cha kumshikia.
2. Gusa chuma. Kwetu tatizo ni jua: lijamu iliyoachwa juu ya boneti ya gari saa saba mchana huunguza. Ikikushinda kwenye kifundo cha mkono, itamshinda na yeye ulimini.
3. Mkono wa kulia ushike kanda za mashavu mbele ya uso wake. Wa kushoto ubebe lijamu juu ya kiganja kilichofunguka.
4. Usigonge meno. Ingiza dole gumba pembe ya mdomo, kwenye pengo, ubonyeze ufizi. Atafungua.
5. Inua kwa mkono wa kulia, chuma kiingie chenyewe. Pitisha sikio moja, kisha la pili, utoe singa zilizobanwa.
6. Tazama pembe za mdomo. Chuma chenye kiungo kifanye kunyanzi moja ndogo. Chuma kizima kiguse tu. Kunyanzi tatu maana yake anatabasamu kwa nguvu siku nzima.
7. Ukanda wa koo uingize ngumi. Wa pua, vidole viwili juu ya mfupa. Mnyororo wa kidevu, vidole viwili vilivyolazwa.

Kuvua, teremsha kanda polepole na usubiri ateme mwenyewe. Ukivuta, chuma kitagonga meno ya mbele, na kesho atainua kichwa juu kabla hujamfikia.

Akianza kulalamika

Kuweka ulimi juu ya chuma: mara nyingi lijamu iko chini mno, au ulimi hauna nafasi. Kuinamisha kichwa upande mmoja: angalia meno ya upande huo kwanza. Kulalia mkono: anabebwa na mkono usioachia, na lijamu kali itamfundisha kulalia zaidi. Kurusha kichwa: meno, au tandiko linalobana mabega, au mbu na nzi wa masika, usikimbilie kulaumu chuma. Mate yenye damu: vua papo hapo, umwongoze kwa kamba.

Mpasuko mdogo pembe ya mdomo oshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichojaa, kisha apumzishwe na chuma mpaka ngozi ifunge. Kidonda cha ufizi au cha ulimi ni kazi ya daktari.

Chumvi na mchanga

Farasi wa ufukweni hula mchanga bila kutaka, na chembe zikikaa kati ya chuma na mdomo hufanya kazi ya msasa. Akitoka mchangani, mwagie mdomo maji ya kisima hata kama ana zamu nyingine baada ya nusu saa. Jioni loweka lijamu kwenye ndoo ya maji hayo hayo, isugue kwa makumbi, ikaushe. Waya wa kusugulia masufuria unaacha michirizo, na kutu hupenda michirizo.

Chuma cha pua kisichoshika kutu kinavumilia bahari vizuri. Chuma kitamu, kile kinachotakiwa kushika kutu nyepesi ili mate yaje, ni kizuri bara. Pwani hutoboka vishimo haraka. Kilichopakwa nikeli hubanduka magamba makali. Mpira hutafunwa, na ukishatafunwa mpaka chuma cha ndani kionekane, kazi yake imekwisha. Mishono ya ngozi huoza kabla ya ngozi yenyewe, hasa pale kigwe kinapokunja kwenye pete, kwa hiyo vuta pale kwa nguvu kila wiki. Mafuta ya nazi yanafaa kwa kiasi cha kitambaa kilicholoa kidogo. Ukizidisha, ngozi inalegea na kurefuka.

Mwisho wa wiki, pitisha pamba kavu juu ya chuma chote, ukizungusha kwenye viungo na matundu ya pete. Nyuzi zikinasa, pana ncha. Msasa laini utaiondoa kwenye chuma cha pua. Kwenye nikeli inayobanduka hautasaidia. Ikunje uitupe, usimpe jirani, maana itarudi mdomoni mwa punda wa mtu.